Tawakkul Huanza kwa Kupima



Huko Minnesota, Marekani, maziwa huganda wakati wa baridi. Watu hutembea juu yake, hutoboa tundu na kuvua samaki. Idara ya maliasili ya jimbo hilo huwaonya wasikanyage barafu yenye unene chini ya inchi 4, yaani kama sentimita 10. Nayo hainenepi sawasawa: penye mkondo au chemchemi huwa nyembamba, ingawa kwa macho yote ni moja. Aliyepita salama jana huweza kuzama leo. Akizama, baridi humkata pumzi, na baada ya takriban dakika 10 mikono haimtii tena. Ndiyo maana mvuvi mwenye busara hutoboa na kupima kadiri anavyosonga mbele, na shingoni huning'iniza misumari miwili ya kujivutia nje.

Nasema, kupima si upungufu wa imani. Suratul Baqara, aya ya 195, inatukataza kujitia wenyewe katika maangamizi. Na Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu.

Sisi hatuna barafu, tuna ziwa. Tunapanda mtumbwi uliojaa kupita kiasi, bila jaketi la kujiokolea, tukisema ajali haina kinga. Hiyo si tawakkul. Uhai ni amana, na tutaulizwa juu yake.

Allah atuhifadhi nchi kavu na ziwani. Amin.