Mtoto na Haki ya Kujua Atokako



Katika 1 Samweli sura ya kwanza twasoma habari za Hana. Mumewe Elkana alimpenda, lakini Penina alimchokoza mwaka baada ya mwaka kwa kuwa hakujaliwa mtoto. Hata Eli kuhani alimdhania amelewa. Basi kabla ya kusema neno juu ya wanaotafuta mtoto hospitalini, kila mmoja wetu na ajiulize kama yeye siye Penina.

Huko Uingereza, kutumia mbegu za mtu wa tatu kulianza zamani, tena kwa siri. Mwaka 1948 tume ya Askofu Mkuu wa Canterbury ilitaka jambo hilo liwe kosa la jinai. Haikuwa hivyo. Mwaka 1978 akazaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza ambaye mimba yake ilitungwa nje ya mwili wa mama, na mwaka 1990 ikatungwa sheria. Sheria hiyo husema mama ni yule aliyebeba mimba, hata kama yai si lake. Na mwanamume aliyetoa mbegu katika kliniki yenye kibali hana wajibu wa baba. Jina lake liliandikwa katika daftari la serikali, lakini mtoto hakuambiwa.

Watoto wakakua, wakauliza. Tangu tarehe 1 Aprili 2005 sheria haimfichi tena mtoaji mpya: mtoto afikapo miaka 18 aweza kuomba jina lake. Wa kwanza walifikia umri huo mwaka 2023.

Mwaka mmoja mwanafunzi wangu alirudi darasani akilia. Wenzake walimwambia uwanjani kwamba baba aliyemlea siye aliyemzaa. Kijiji kizima kilijua, isipokuwa yeye. Hapakuwa na kliniki wala sheria hapo, ni siri zetu hizi za nyumbani. Tena hakulilia damu. Alilia kwamba alidanganywa.

Wako Wakristo wema wasiokubali mtu wa tatu aingie katika ndoa, na mashaka hayo nami ninayo. Lakini mtoto akishazaliwa, mashaka yetu si mzigo wake. Wazazi wenye mtoto wa namna hiyo, au wa kulea, wamwambie wenyewe angali mdogo, jioni moja baada ya sala, kabla jirani hajamwambia. Nasi tutembeleapo maarusi, tuache kuwauliza kama bado hakuna kitu.