Ilisema, Lakini Niliizima

Niliwahi kuandikia chama chetu programu fupi ya kusoma orodha ya michango na kutoa ripoti kila mwisho wa mwezi. Ilikuwa inanipigia kelele: maonyo mistari na mistari, mengi hayana maana. Nikachoka. Mwisho wa amri nikaongeza `2>/dev/null`, kelele zikaisha. Ripoti ikawa safi, nikaituma kwa grupu, watu wakabonyeza dole gumba.

Miezi miwili baadaye, mwenzetu mmoja akaambiwa mbele ya wote kwamba halipi. Zamu yake ya kupokea pesa ikarudishwa nyuma. Akasema amelipa, tukamwonyesha ripoti, jina lake halimo. Kumbe jina hilo lina ng', ile ya ng'ombe, na programu yangu ilidhani kile kialama ndicho mwisho wa jina. Ilishindwa kumwandika. Nilipomweleza, akaniuliza, "Kwani hiyo programu yako haikusema kitu?"

Ilisema. Kila mwezi.

Programu kwenye Unix na Linux huanza kazi ikiwa na mikondo mitatu: 0 ya kupokea, 1 ya kutoa majibu, 2 ya kutoa makosa. Mkondo wa 2 haukuwepo tangu mwanzo. Miaka ya 1970, kule Bell Labs, Marekani, watu walikuwa wakituma maandishi kwa mashine ya kupanga chapa iliyotumia karatasi ya picha. Unangoja karatasi isafishwe, halafu unakuta kilichochapwa vizuri sana ni ujumbe wa kosa tu. Baada ya hasara kadhaa kama hizo, kosa likapewa njia yake. Majibu yaende yanakotumwa. Kosa limfikie mtu kwenye skrini.

Yaani makosa yalitengwa ili yasikike. Lakini ukishakitenga kitu, ni rahisi pia kukizima bila kugusa kingine. `/dev/null` ni shimo: chochote unachotupa humo hakirudi. Mimi nilitupa humo sauti moja tu, na ripoti haikuonekana kupungukiwa.

Sasa, je, nilidanganya? Kila mstari wa ripoti ulikuwa wa kweli. Na mimi mwenyewe sikujua. Kwa muda nilijitetea hivyo, na utetezi huo una uzito kidogo: hakuna mtu anaweza kusikiliza kila onyo, lazima uchague.

Lakini kuchagua ni kusoma kwanza, kisha kuacha. Mimi sikuchagua onyo lolote. Niliamua mapema kwamba lolote litakalosemwa halinihusu, hata lile ambalo bado halijasemwa. Kutojua kwangu hakukuwa bahati mbaya; nilikutafuta, kwa sababu kulinipa amani. Na bei ya amani hiyo sikulipa mimi. Alilipa mtu ambaye hata hakujua kuna mkondo wa 2.

Nilimwomba msamaha kwa grupu, palepale alipoaibishwa. Siku hizi makosa yanaenda kwenye faili, nami huisoma kabla ya kutuma ripoti. Mara nyingi ni takataka tupu, na inaboesha kweli. Nasoma tu.