Deni kwa Mpasha Habari

Jioni familia nyingi hukaa mbele ya televisheni, na si vibaya kuuliza twaondoka pale na moyo wa namna gani. Tutaje mchezo mmoja tu, The Blacklist, ulioonyeshwa Marekani kwa misimu 10, tangu Septemba 2013 hata Julai 2023, sehemu 218. Raymond Reddington, mhalifu aliyesakwa miaka mingi, ajisalimisha mwenyewe kwa FBI, makachero wa serikali ya Marekani. Aahidi kuwataja wahalifu wakubwa wasiojulikana hata majina, ila ataka kusema na mpelelezi mmoja tu, Elizabeth Keen, aliye katika siku yake ya kwanza kazini. Apewa kinga asishtakiwe. Tangu hapo waovu wakamatwa, naye aendelea na biashara zake, na kuua anaua.

Mchezo umetungwa kwa ustadi. James Spader amempa mtu yule kofia nzuri, ucheshi na maneno matamu, hata mtazamaji ajikuta akimwombea asikamatwe. Hapo ndipo penye swali letu: je, yafaa serikali inunue habari kwa mwovu?

Wako watakaosema haifai kamwe. Sisi hatusemi hivyo. Siri za genge huzijua waliomo gengeni, na hakimu akimpunguzia adhabu mwizi aliyewataja wenzake, mbele ya mahakama na kwa kusikiwa na wote, hatuoni dhuluma. Ubaya waanza pale malipo yanapokuwa ruhusa ya kuendelea, maana ruhusa hiyo hulipwa na mtu asiyekuwapo wakati wa mapatano. Tena, ni nani aandikaye orodha? Mara nyingi jina alitoalo Reddington ni la mtu amzuiaye njia. Sheria yadhani yamtuma, kumbe yatumwa.

Mtu asidhani hayo ni ya mchezoni tu. Mjini Boston, James Bulger, mkuu wa genge, aliandikishwa kuwa mpasha habari wa FBI mwaka 1975. Wakuu walitaka kuivunja Mafia ya Waitalia, na adui za Mafia walionekana kuwa rafiki wa kufaa. Kachero aliyemshughulikia, John Connolly, aliyekulia mtaa mmoja naye, akawa mlinzi wake. Mwisho wa 1994 alimwonya kwamba mashtaka yaja, Bulger akatoroka. Alikamatwa California mwaka 2011, na Agosti 2013, wiki chache tu kabla mchezo ule haujaanza, mahakama ilimwona ameshiriki mauaji ya watu 11. Connolly naye alifungwa.

Kati ya hao 11 wamo wawili waliouawa siku moja mwaka 1982. Wa kwanza, mtu wa magenge, alikuwa amekwenda FBI kumtaja Bulger mwenyewe, habari zikavuja. Wa pili alikuwa dereva wa lori asiyehusika na genge lolote, aliyekuwa akimpeleka yule nyumbani kwa gari. Mchezoni mtu kama huyu huonekana dakika moja, kisha twamrudia mwenye kofia. Dereva huyu aliacha mke na wana watatu. Waliishtaki serikali, wakashinda; mwaka 2011 mahakama ya rufani ikaitengua hukumu ile, kwa sababu shauri lilikuwa limechelewa kufunguliwa.