Jembe la Mtu Mmoja

Je, asafishaye chemchemi bila mshahara hupoteza nguvu zake? Wako wasemao: “Tanuru la kuyeyushia shaba liliwashwa kando ya mto Lubumbashi mwaka 1911, jembe la mtu mmoja litafaa nini?”

Fikirini vema, wasomaji. Lubumbashi huingia Kafubu, na Kafubu huingia Luapula. Azoaye takataka chemchemini na kuzitupa bondeni hakusafisha kitu. Amempelekea jirani uchafu. Bali azifukiaye mbali na maji, akayaacha majani ya ukingoni wanamojificha vyura na vitoto vya samaki, amemtendea mema mtu asiyemjua. Uchafu wa mkono mmoja hufika mbali. Wema wake hufika vilevile. Mwenye tanuru ataulizwa habari za tanuru. Mwenye ndoo, za ndoo yake.