Bima na Amana

Likizo iliyopita nilimsaidia mjomba kupanga vitabu vya zahanati yake huku Buyenzi. Wagonjwa walioandikwa kwenye daftari la maabara walikuwa wengi kuliko stakabadhi za malipo. Kuna aliyepokea pesa bila kuandika. Wafanyakazi ni wanne, wote majirani, wote tunasali nao. Mjomba hakutaka kumwuliza yeyote. Alitaka akate bima ya wizi wa wafanyakazi, akaniuliza kama inafaa.

Kuhusu mkataba, jibu lipo. Mwaka 1985 Baraza la Fiqhi la Kiislamu, mjini Jeddah, lilikataza bima ya kibiashara kwa sababu ya gharar, likaelekeza kwenye bima ya kusaidiana. Takaful ya namna hiyo ilikwisha anza Sudan mwaka 1979.

Lakini mjomba alikuwa na uzito mwingine: kujikinga na mwenzako si kumdhania vibaya? Sioni hivyo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inaamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe, na wanaoambiwa ni walioamini. Kuandika si tusi. Mafakihi wanasema aliyeshika amana halipi kilichopotea bila uzembe wake. Lakini pasipo daftari, mwaminifu ataonyeshaje kwamba hakuzembea?

Hapo ndipo nilipoiona kasoro ya bima ya mjomba. Ingemrudishia faranga zake, lakini isingewasafisha wale watatu wasio na hatia, wala isingemzuia wa nne. Zaidi ya hayo, ingempa mjomba ruhusa ya kunyamaza. Alikuwa akinunua njia ya kutomwuliza jirani yake swali gumu. Na hata bima ingedai ushahidi kabla ya kulipa, yaani daftari lile lile asilokuwa nalo.

Nilimwambia aanze na daftari. Aliwaita wote wanne, akawaeleza upungufu bila kumnyooshea mtu kidole. Sasa stakabadhi zina nambari za mfululizo, apokeaye pesa si atoaye dawa, na hesabu ya jioni hufungwa na watu wawili. Aliyechukua hatujamjua. Ila hesabu zinalingana, na takaful inaweza kufuata baadaye.

Ndugu zangu, nasi tunachanga pesa za futari. Nani anatia saini pamoja na mweka hazina wetu? Tumwulize, kwa ajili yake yeye kwanza.

Wallahu a'lam.