Ndovu Hamvunji Mtu Moyo

Husemwa kwamba ndovu wamewavunja moyo wakulima wa Sagalla, jirani na Voi. Sidhani. Ndovu huangusha ua, hula mahindi yaliyokaribia kuvunwa, na usiku mmoja humaliza kazi ya msimu mzima. Hiyo ni hasara, tena kubwa, katika kaunti ambayo zaidi ya nusu ya ardhi yake imo ndani ya mbuga za Tsavo, zilizotengwa mwaka 1948. Lakini aliyepata hasara bado anaamini kwamba jitihada huzaa kitu, ila safari hii haikuzaa. Aliyevunjika moyo haamini tena kwamba lolote atakalofanya litabadili jambo. Ndovu hawezi kumfikisha mtu huko, kwa kuwa hakumwahidi chochote. Iliyoahidi ni sheria. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inampa mkulima haki ya fidia: huripoti, hujaza fomu, shamba hukaguliwa, kisha husubiri, mara nyingi kwa miaka. Angekataliwa waziwazi, angejipanga upya. Kimya humfundisha kwamba aseme asiseme, ni mamoja.

Atakayepinga atasema wapo walioacha mahindi bila hata kuigusa fomu. Kweli, ila kuacha si lazima kuwe kukata tamaa. Anayezungushia shamba mizinga ya nyuki, maana ndovu huwaogopa nyuki, amepiga hesabu zake. Naye ofisa wa kilimo anayemshauri mtu wa nyanda kavu asipande mahindi humhuzunisha tu, kwani humpa sababu ambayo anaweza kuipima na hata kuikataa. Pingamizi zito latoka Kasigau, katika kaunti hiyohiyo. Mwaka 1915 Waingereza waliwatuhumu watu wa huko kuwasaidia Wajerumani, wakawahamishia Malindi, ambako wengi walikufa; lakini baadaye walionusurika walirudi mlimani kwao. Ikiwa ukatili ule haukuwavunja, karatasi zitamvunja nani? Naona ukatili wa wazi humwachia mtu adui anayemjua, na mwenye adui ana la kufanya. Faili isiyojibiwa haina hata wa kulaumiwa; kila mlango huelekeza mlango mwingine. Fidia iliyochelewa yaweza kulipwa baadaye, hata kwa riba. Mkulima aliyeacha kuripoti, hata hivyo, hutoweka kwenye takwimu, na ofisi huweza kuusoma ukimya wake kama dalili kwamba ndovu wamepungua mashambani.