Senti 27 mfukoni

Mwaka 1972 Tony na Maureen Wheeler, mume na mke waliooana karibuni, waliondoka London kwa gari kuukuu, wakavuka Ulaya, Uturuki na Iran. Kabul wakaliuza. Kuanzia hapo ikawa mabasi, treni, lifti, hata mashua, hadi Australia. Sydney waliingia wakiwa wamebakiwa na senti 27.

Watu hupenda kuzisimulia senti hizo, maana mwaka uliofuata wawili hao walitoa kijitabu cha kuvuka Asia kwa gharama ndogo, na kampuni ya vitabu vya safari, Lonely Planet, ikazaliwa. Mimi huwaza zaidi siku za katikati ya safari kama ile. Mfuko wa fedha ni mmoja, basi limeharibika, tumbo la mwenzio limechafuka, na hakuna shangazi wa kumkimbilia. Nyumbani ukinuna unakwenda zako barazani. Njiani anayekuudhi ndiye huyo huyo atakayelinda begi lako ukienda msalani. Ndiyo maana wachumba wanaohangaikia ukumbi wa harusi wa watu mia tano (michango yake tunaijua) wangeanza na basi la siku mbili, viti vya nyuma kabisa.